Mhubiri na Mpima Ardhi: Maisha ya Wabunge wa Shamba katika Illinois ya Kale

Kila uchaguzi unapokaribia, swali lile lile hurudi katika jumuiya zetu. Je, mtu aliyeokoka aingie siasa? Wapo wanaosema siasa ni matope, na mwenye nguo nyeupe hapiti matopeni. Wapo wanaosema chumvi isipotoka kwenye kopo haiungi mchuzi. Tunabishana baada ya ibada, kisha tunakwenda nyumbani kila mmoja na lake, na viongozi wanachaguliwa hivyo hivyo.

Katika insha hii tumeona vema kwenda mbali kidogo, kwa watu ambao hawatugusi kwa chama wala kwa kabila, ili tutazame jambo hili kwa utulivu. Tutakwenda katika jimbo la Illinois huko Marekani, miaka ya 1820 hadi 1850. Wakati huo Illinois ilikuwa pembe ya shamba kweli kweli: nyika za majani marefu, mito isiyo na madaraja, nyumba za magogo, homa za kutetemeka kila kiangazi. Kutoka wilaya moja ya huko, iitwayo Sangamon, walitokea wabunge wawili wa jimbo. Mmoja alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, Peter Cartwright. Mwingine alikuwa kijana mpima ardhi asiye mshirika wa kanisa lolote, Abraham Lincoln. Huyu wa pili dunia yote inamjua kama rais, lakini sisi hapa tutamwangalia kabla ya hapo, alipokuwa mbunge wa kijijini mwenye madeni.

Uchaguzi wa sauti

Cartwright alizaliwa Virginia mwaka 1785 na kukulia Kentucky. Aliokoka akiwa kijana wa miaka 16, katika uamsho mkubwa uliotikisa mipaka ile mwaka 1801. Akawa mhubiri wa mzunguko. Maana yake hakuwa na usharika mmoja wa kukaa. Alipewa eneo zima la kuzunguka kwa farasi, kituo hadi kituo, akihubiri katika nyumba za watu, chini ya miti na katika mikutano ya kambi iliyodumu siku kadhaa. Tangu mwaka 1800 kanisa lake lilikuwa limepanga mshahara wa mhubiri kuwa dola 80 kwa mwaka, na mara nyingi hata hizo hazikutimia. Walilipwa kwa nguo, kwa chakula, au kwa maneno ya baraka tu.

Mwaka 1824 alihamia Illinois na mkewe Frances na watoto. Mwenyewe aliandika kwamba sababu mojawapo ilikuwa utumwa: hakutaka watoto wake waolewe na kuoa katika nyumba zinazomiliki watu. Njiani, usiku walipokuwa wamepiga kambi porini, mti ulianguka juu ya binti yao na kumwua. Waliubeba mwili wake mwendo mrefu mpaka walipopata makaburi ya kumzika, ndipo wakaendelea na safari. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linatuonyesha kwamba chuki yake kwa utumwa haikuwa ya maneno ya mimbarini tu. Ilimgharimu.

Mwaka ule ule wa 1824, kabla hajafika, wananchi wa Illinois walikuwa wamepiga kura kuamua kama waitishe mkutano wa kubadili katiba, ambao wengi walijua lengo lake ni kuruhusu utumwa. Waliokataa walikuwa 6,640, waliokubali 4,972. Tofauti ni chini ya watu 1,700. Jimbo lilikuwa limeponea chupuchupu, na Cartwright aliona kwamba vita haijaisha. Aliandika baadaye kwamba ndiyo sababu iliyomwingiza katika siasa. Alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo mwaka 1828, na tena mwaka 1832.

Katika uchaguzi ule wa 1832 kulikuwa na wagombea 13 wa viti vinne vya Sangamon. Kijana Lincoln, mwenye miaka 23, naye aligombea. Alikuwa amekaa kijijini New Salem mwaka mmoja tu. Alishika nafasi ya nane akaanguka, na mhubiri Cartwright akawa miongoni mwa wanne walioshinda. Lakini angalieni jambo moja: katika kituo cha New Salem, kwa watu wanaomjua, Lincoln alipata kura 277 kati ya 300. Majirani zake walikuwa wamemwona akifanya kazi.

Na kura zile hazikuwa za siri. Mpiga kura alisimama mbele ya karani, akataja kwa sauti jina la anayemtaka, na kila aliyekuwapo akasikia: aliyekukopesha, anayekupangisha shamba, mgombea mwenyewe. Sisi tuliozoea kisanduku na karatasi iliyokunjwa tunaweza kuona ni hatari, na ilikuwa hatari kweli, maana mnyonge alitishika. Ila ilikuwa na funzo lake. Mtu hakuweza kumwambia huyu ndiyo na yule ndiyo.

Suti ya mkopo

Mwaka 1834 Lincoln aligombea tena, akashinda kwa kura 1,376, wa pili kati ya wanne. Kwa wakati huo alikuwa nani? Duka alilofungua na mwenzake lilikuwa limekufa na kumwachia deni la zaidi ya dola 1,000, ambalo yeye na rafiki zake walilitania kwa kuliita deni la taifa. Alikuwa msimamizi wa posta ya kijiji, na inasemwa alizoea kuzibeba barua ndani ya kofia. Alikuwa pia msaidizi wa mpima ardhi wa wilaya, akivuta mnyororo wa kupimia vichakani. Mdai mmoja alipompeleka mahakamani, farasi wake na vifaa vya kupimia vilichukuliwa vikauzwa. Rafiki yake akavinunua, akamrudishia.

Basi mtu huyu aliyechaguliwa kutunga sheria hakuwa na nguo ya kuvaa bungeni. Alimwendea jirani mkulima, akakopa dola 200, na kwa takriban dola 60 akashona suti, ya kwanza ya maana maishani mwake. Kisha akapanda gari la farasi kwenda Vandalia, makao makuu ya jimbo, kama maili 75 kusini ya Springfield, safari ya zaidi ya siku moja katika barabara za tope la Novemba.

Bunge lilikutana tarehe 1 Desemba 1834. Lilikutana majira ya baridi kwa sababu wengi wa wabunge walikuwa wakulima, nao hawakuweza kuacha mashamba wakati wa kupanda na kuvuna. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na watu 55, la Seneti watu 26. Vandalia yenyewe ilikuwa na wakazi wapatao 800. Jengo la Bunge lilikuwa la matofali, la ghorofa mbili, lililochakaa hata plasta ikawadondokea watu wakati wa kikao. Waliandika kwa kalamu za manyoya, wakakausha wino kwa mchanga, na jioni ilipoingia waliwasha mishumaa. Walilala katika nyumba za wageni, mara nyingi watu kadhaa chumba kimoja na hata wawili kitanda kimoja. Lincoln alikaa chumba kimoja na wakili John Todd Stuart, mbunge mwenzake wa Sangamon, na ni Stuart aliyemhimiza asome sheria na kumwazima vitabu.

Malipo yalikuwa dola 3 kwa siku. Kwa kikao kile chote, pamoja na nauli, Lincoln alipata dola 258. Kwa kibarua aliyepata chini ya dola moja kwa siku zilikuwa fedha nzuri, lakini hazikumfanya mtu tajiri. Kikao kilifungwa Februari, na mbunge akarudi kijijini kupima mipaka ya mashamba na kugawa barua kama zamani. Aliyemchagua alikutana naye njiani. Aliyekuwa na lalamiko hakuhitaji kupanga miadi.

Je, walijadili nini? Tukifikiri juu ya Bunge tunafikiri mambo makubwa. Kazi nyingi zilikuwa ndogo. Mswada mmoja wa mwanzo wa Lincoln ulikuwa wa kumruhusu mtu kujenga daraja la kutoza ushuru katika kijito cha Salt Creek. Mwingine ulihusu mipaka ya mamlaka ya mahakimu wa vijijini. Kulikuwa na miswada ya barabara ipite wapi, ya mifugo iliyopotea itangazwe vipi, na hata ya ndoa, maana siku zile Bunge la jimbo liliweza kuvunja ndoa ya mtu mmoja kwa sheria. Kwa mjane aliyesubiri kuvuka mto kwenda kinuni, daraja la Salt Creek halikuwa jambo dogo. Sisi tunaosoma kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa tungefaa kulikumbuka hilo tunapompima mgombea: alifanya nini na kisima cha kijiji, kabla hajatuahidi bahari.

Tope lenyewe

Lakini tusiwapambe. Mhubiri Cartwright alipoandika habari za maisha yake, kitabu kilichotoka mwaka 1856, alisema wazi kwamba bungeni alikuta mambo mengi yakipitishwa kwa kupatana chini ya meza: nipe kura yako kwa hili langu, nikupe yangu kwa lile lako. Ilimchosha.

Mfano mkubwa ulitokea katika kikao cha 1836 hadi 1837. Sangamon ilikuwa na wajumbe tisa, wawili wa Seneti na saba wa Baraza la Wawakilishi, Lincoln akiwamo. Kwa kuwa wote walikuwa warefu, wastani wa futi 6, watu waliwaita Tisa Warefu. Lengo lao lilikuwa kuhamisha makao makuu kutoka Vandalia kwenda Springfield, mji wa wilaya yao. Tarehe 28 Februari 1837 walifanikiwa. Katika siku hizo hizo Bunge lilipitisha mpango wa dola milioni 10 wa kujenga reli, mifereji na barabara kila upande wa jimbo, na wilaya ambazo hazikupata reli zikapewa fedha taslimu ili zisinung'unike. Thomas Ford, aliyekuja kuwa gavana baadaye, aliandika kwamba Tisa Warefu walibadilishana kura zao za reli kwa kura za makao makuu. Wanahistoria wengine wanabisha kiasi cha kubadilishana huko. Lisilobishaniwa ni kwamba Lincoln aliunga mkono mambo yote mawili kwa nguvu zake.

Matokeo yake? Mwaka ule ule wa 1837 benki za Marekani zilianguka na fedha ikakauka. Jimbo lilikuwa limekopa kwa ajili ya kazi ambazo hazikuisha. Karibu kitu pekee kilichoonekana ni kipande cha reli kutoka mto Illinois hadi Springfield, kilichogharimu mamilioni kwa mahesabu ya leo na kuuzwa kwa mnada mwaka 1847 kwa dola 21,100 tu. Madeni yale yaliendelea kulipwa hadi miaka ya 1880. Waliokuwa watoto wachanga wakati wa kura ile walilipa kodi yake wakiwa na mvi.

Hapa tunajifunza jambo zito. Waliopitisha mpango ule wengi wao hawakuwa wezi. Walikuwa watu wa shamba waliochoka na tope, waliotaka mazao yao yafike sokoni, na kila mmoja alitaka kurudi kijijini na kitu mkononi. Dhambi ya mbunge mara nyingi huanza kwa upendo wa kwao. Anaipenda wilaya yake hata anasahau kuhesabu gharama, kama yule mjenga mnara ambaye Bwana Yesu alimsema katika Luka 14. Na sisi tunaomchagua ndio tunaompa jaribu hilo, kwa kuwa tukimuuliza swali moja tu, umetuletea nini, tunamfundisha jibu.

Kuna kisa kingine, kidogo, kilichotokea ndani ya jengo la kanisa. Bunge lilipohamia Springfield, jumba jipya halikuwa limekamilika, hivyo wabunge waliazima makanisa. Mwezi Desemba 1840 chama cha Lincoln kilitaka kuzuia kikao kisifungwe, kwa sababu za kuilinda benki ya jimbo, nacho kikapanga wabunge wake wasiwepo ili idadi isitimie. Lincoln na wenzake wachache walibaki kuangalia. Walipogundua kwamba idadi imetimia na milango imefungwa, waliruka dirishani. Haikusaidia kitu, maana walikuwa wamekwisha kuhesabiwa. Wapinzani walimcheka sana, wakisema miguu yake ni mirefu hata ilifika chini kabla hajaruka. Yeye mwenyewe hakupenda kukumbushwa siku ile. Tunakisimulia si kwa kejeli. Tunakisimulia kwa sababu mara nyingi historia hupakwa rangi nzuri mno, na waumini wakaanza kungoja kiongozi asiye na doa, na wakimkosa, wakakaa nyumbani.

Saini mbili

Sasa tufike kwenye kiini. Katika kikao kile kile cha reli na makao makuu kulikuwa na azimio jingine. Majimbo ya kusini, yaliyomiliki watumwa, yaliandika barua kwa majimbo ya kaskazini yakitaka yawalaani wale waliodai utumwa ukomeshwe. Bunge la Illinois likatii. Tarehe 20 Januari 1837 Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kuvikemea vyama vya kupinga utumwa na kusema kwamba haki ya kumiliki watumwa katika majimbo yale ni takatifu. Waliokubali 77, waliokataa 6. Lincoln alikuwa mmoja wa wale sita.

Majuma sita baadaye, tarehe 3 Machi, karibu na mwisho wa kikao, yeye na mjumbe mwenzake wa Sangamon, Dan Stone, waliomba maneno yao yaingizwe katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Walitamka kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya. Saini zilikuwa mbili tu. Lincoln alikuwa na miaka 28.

Tuyasome maneno yale kwa uaminifu. Hayakuwa ya moto. Palepale waliongeza kwamba mahubiri ya wapinga utumwa huelekea kuongeza ubaya badala ya kuupunguza, na kwamba Bunge la taifa halina mamlaka ya kuugusa utumwa ndani ya majimbo. Tena, walisubiri mpaka kura ya makao makuu imekwisha kupita. Na katika tangazo lake la kugombea mwaka 1836, Lincoln alikuwa ametaka kura ipewe Wazungu wote wanaolipa kodi au kubeba silaha, hata wanawake wao, lakini mtu mweusi hakumtaja. Huko Illinois mtu mweusi huru hakupiga kura, na sheria ilimtaka atembee na cheti cha kuthibitisha kwamba si mtumwa. Kaka na dada zetu wale hawakuwa na mbunge. Waliongelewa, hawakuulizwa.

Hata hivyo, kati ya watu wote wa Bunge lile, ni wawili tu walioacha neno dhuluma limeandikwa mahali ambapo halifutiki. Lincoln aliporejea jambo hilo miaka mingi baadaye, katika maelezo mafupi ya maisha yake ya mwaka 1860, alisema msimamo wake ulikuwa bado ni ule ule. Mbegu ndogo ilikuwa imekaa ardhini miaka 23.

Na mwaka ule wa 1837 uliwapa watu wa Illinois kipimo kingine. Mjini Alton alikuwapo mchungaji wa Kipresbiteri, Elijah Lovejoy, aliyechapisha gazeti la kupinga utumwa. Makundi ya watu yalikuwa yameharibu mitambo yake ya kuchapia mara tatu. Ulipoletwa wa nne, usiku wa tarehe 7 Novemba, walizingira ghala lilimokuwa, nao wakampiga risasi akafa. Wabunge 77 hawakushika bunduki. Lakini sheria na maazimio hufundisha watu ni nani wa kuheshimiwa na ni nani wa kupigwa mawe. Mwezi Januari Bunge liliwanyooshea kidole wapinga utumwa. Mwezi Novemba kundi la watu likatupa jiwe.

Mhubiri dhidi ya mpima ardhi

Mwaka 1846 wawili wetu walikutana ana kwa ana, wakigombea kiti katika Bunge la taifa huko Washington. Cartwright alikuwa na miaka 60, amezunguka kwa farasi maisha yake yote. Lincoln alikuwa na miaka 37, sasa wakili. Katika kampeni zikaenea habari kwamba Lincoln ni mkana dini, mtu anayeudhihaki Ukristo, na Cartwright mwenyewe alitajwa kuwa miongoni mwa waliozieneza.

Lincoln alijibu kwa kipeperushi cha tarehe 31 Julai 1846. Alikiri kwamba si mshirika wa kanisa lolote la Kikristo. Ila alisema hajawahi kukana ukweli wa Maandiko, wala hajawahi kusema kwa dharau juu ya dini kwa jumla au dhehebu lolote. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe asingeweza kumuunga mkono kwa cheo mtu anayejulikana kuwa adui wa dini na mwenye kuidhihaki, kwa kuwa hakuna aliye na haki ya kuumiza hisia na maadili ya jamii anayoishi. Siku chache baadaye watu walipiga kura: Lincoln 6,340, Cartwright 4,829. Wamethodisti wengi walimwacha mhubiri wao wakamchagua yule asiye mshirika.

Sisi tusifanye haraka kufurahi wala kuhuzunika. Waumini wale walimpenda Cartwright kama baba yao wa kiroho. Aliwabatiza, akawafungisha ndoa, akawazikia wafu wao. Lakini waliona kwamba zawadi ya mimbari ni moja na zawadi ya kiti cha sheria ni nyingine, na kwamba imani ya mwenzako haipaswi kufanywa rungu la kumpigia kura. Mara ngapi katika uchaguzi wetu tumesikia huyu ni wa dhehebu lile, yule hasali, na hilo likawa ndilo swali lote? Na mara ngapi mgombea amekaa viti vya mbele kanisani, akatoa sadaka kubwa, nasi tukapiga makofi kabla ya kuuliza fedha imetoka wapi? Yethro alipomshauri Musa katika Kutoka 18 alitaja sifa nne: watu wenye uwezo, wenye kumcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Sisi hupenda kuichukua ile ya pili, kuipima kwa macho, na kuziacha tatu.

Shahidi mzee

Historia ya wawili hawa haikuishia kwenye kura. Mwezi Julai 1859, katika kijiji cha Pleasant Plains alikoishi Cartwright, vijana wawili waligombana dukani. Mmoja, Peachy Quinn Harrison, alimchoma kisu mwenzake, Greek Crafton, aliyewahi kujifunza sheria katika ofisi ya Lincoln. Baada ya siku chache Crafton akafa. Harrison alikuwa mjukuu wa Peter Cartwright. Na wakili aliyesimama kumtetea alikuwa Abraham Lincoln.

Fikirini kikao kile cha mahakama mwanzoni mwa Septemba, Springfield. Mzee wa miaka 74 anapanda kizimbani, na anayemwuliza maswali ni yule aliyemshinda miaka 13 iliyopita, yule aliyeitwa mkana dini. Mzee akaeleza kwamba aliitwa kitandani kwa kijana aliyekuwa anakufa, kama mchungaji anavyoitwa, na kwamba Crafton alimwambia amejiletea mwenyewe jambo hili na kwamba amemsamehe Quinn. Mahakama ilimwachia huru Harrison.

Maneno yale ya msamaha yalitoka kinywani mwa aliyeumizwa, yakabebwa na mhubiri, yakawekwa mbele ya sheria na mtu asiye mshirika. Hapakuwa na hata mmoja wao aliyeweza kufanya kazi ile peke yake. Kama wawili wale wangeuacha uchaguzi wa 1846 uwe uadui wa kudumu, huenda kijana yule angenyongwa. Uchaguzi ulipita, ujirani ulibaki, na siku ya msiba ndio uliohitajika.

Cartwright aliendelea kuhubiri mpaka uzeeni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alisimama upande wa serikali ya muungano, ambayo rais wake alikuwa mpinzani wake wa zamani. Alifariki Septemba 1872, akiwa na miaka 87, baada ya miaka karibu 70 ya kuhubiri. Lincoln alikuwa ameuawa mwaka 1865.

Tunachukua nini?

Tumewatazama watu wawili wenye kasoro. Mhubiri aliyeingia siasa kwa sababu safi, akakuta biashara ya kura, na baadaye jina lake likahusishwa na maneno yaliyomchafua mpinzani. Mpima ardhi aliyevaa suti ya mkopo, akaruka dirishani, akaliingiza jimbo lake katika deni, lakini siku moja akaandika neno moja la kweli wakati watu 77 walikuwa upande wa pili.

Kwa hiyo swali la mwanzo, je, mwamini aingie siasa, tunalijibu hivi: aingie aliyeitwa na mwenye uwezo, nasi tusimwache peke yake. Tumwombee kwa jina, kama 1 Timotheo 2 inavyotuagiza. Tumtembelee akiwa amechaguliwa kama tulivyomtembelea akigombea. Tumuulize habari za daraja, na tumuulize pia habari za deni. Akisimama na wachache kwa ajili ya wasio na sauti, asikute kwamba sisi, watu wa kanisa lake, tulikuwa wa kwanza kumnyamazisha. Na uchaguzi ukiisha, tushikane mikono na aliyemchagua mwingine, kabla hatujaiendea meza ya Bwana.

Kura yetu leo ni ya siri, nayo ni neema. Lakini mbele za Mungu bado tunasimama kama wale wakulima wa Sangamon mbele ya karani, tukitaja jina kwa sauti, naye anasikia.